Seli ya Narmandakh

Hadubini yetu ilikuwa moja, na lenzi yake ina ufa;
kila tulichokichungulia kilikuwa na mto ukipita katikati.
Kitunguu kilikuwa na mto.
Mate ya Batnasan yalikuwa na mto.
Basi mwezi wa tatu, upepo wa Gobi ukisugua madirisha kwa mchanga,
nikawaambia watoto wa bweni: leo hatuchungulii.
Leo tunaunda.

Sufu tuliipata kwa mpishi, nusu gunia.
Tukailoweka katika maji ya moto, tukaipiga, tukaiviringisha,
tukaikanyaga kwa visigino
kama wafanyavyo bibi zao wakitengeneza kuta za mahema.
"Huu ni utando," nikasema. "Si ukuta, msichanganye.
Ukuta ni wa mimea. Mnyama ana utando,
nao unajua nani apite, nani abaki nje."
Batnasan akauliza komeo lake liko wapi.
Nikamjibu: hauna mlango, kote ni mlango.
Akaandika hivyo daftarini. Nikamwachia,
ingawa mwenyewe sikuwa na hakika.

Ribosomu zilikuwa punje za mchele.
Uzi wa manyoya ya ngamia, uliokunjwa na kukunjuka,
ukawa ile njia ndefu ambayo hakuna aliyeweza kutamka jina lake.
Kiini, kila mtoto alete chake kutoka nyumbani:
kifundo cha mguu wa kondoo, ule mfupa wa kuchezea.
Na mitokondria, kwa kuwa humo ndimo nguvu inamopikwa,
nikagawa aaruli, maziwa yaliyokaushwa juu ya paa hadi yakawa mawe.

Hapo ndipo nilipokosea.
Usiweke chakula mbele ya watoto wa bweni
ukakiita kitu kingine.

Kesho yake seli ya Narmandakh haikuwa na mitokondria hata moja.
Gundi ilibaki, na makombo.
Wenzake wakacheka: imekufa! imekufa kwa njaa!
Yeye hakucheka.
"Haijafa. Ni seli nyekundu ya damu.
Jumatatu ulisema, mwalimu, hiyo haina mitokondria."

"Nilisema pia," nikamjibu, "haina kiini."

Laiti ningeumeza ulimi.
Mfupa ule alikuwa ameushonea kwa uzi maradufu.
Baridi ya mwaka jana iliwagandisha kondoo wao wakiwa wamesimama,
mia mbili na kumi na wawili;
sasa baba yake anaendesha lori la makaa hadi mpakani,
na kundi zima lililobaki
lilikuwa lile, kwenye sufu ya watu wengine.

Akachukua mkasi.
Akakata nyuzi moja moja, bila haraka,
akautoa mfupa, akaupuliza vumbi, akautia mfukoni.
"Imekitoa chenyewe," akasema, "ipate nafasi ya kubeba hewa."

Kisha akaivuta ile sufu, huku na huku, ikarefuka.
Batnasan, ambaye hanyamazi, akapinga:
seli ya damu ni duara, kama sahani, imo kitabuni!
"Ya kwako. Ya ngamia ni kama yai."

Hilo sikuwafundisha. Hilo sikulijua.
Usiku niliwasha taa, nikafungua kitabu kikubwa, kile kizito cha chuo,
nikalikuta kwa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa.
Asubuhi nikamuuliza nani alimwambia.
"Daktari wa mifugo. Alipokuja kuhesabu mizoga.
Ngamia wetu mmoja alikuwa bado anapumua.
Alinipa jicho la hadubini yake nitazame,
nisitazame kule nje."
Akanyamaza kidogo.
"Yake haina mto."

Katika daftari la alama nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka nchani.
Jioni nikapita bwenini, nikamwekea juu ya mto wa kulalia
mitokondria sita, katika karatasi.
Alikuwa macho. Alihesabu.
"Batnasan je?" akauliza.